Kisu ikiisha, ulinzi wa mugonjwa njo unaanza

Ku Lubudi, sawa vile ku Fungurume, ku Tenke ao ku Kolwezi, tunajua vile familia inafanyaka siku ya operasio. Mugonjwa anaingia, mulango unafungwa. Wamama wanaanza kuomba, wanaume wanatembea-tembea mu lupango ya hopitali na telefone ku mukono. Nyuma ya saa moja ao mbili mulango unafunguka, munganga anatosha maske yake na kusema: "Imepita muzuri." Hapo watu wote wanapumua. Mumoja anapigia ndugu wa kijijini, mwingine anaenda kulala, na kuko wanaoenda kutafuta chupa moja ya kushukuru Mungu. Woga wote ulikuwa juu ya ule mulango.

Lakini hesabu zinasema ingine. Mu mwaka wa 2018 jarida la waganga linaloitwa The Lancet lilitoa matokeo ya uchunguzi mukubwa wa Afrika: inchi 25, hospitali 247, wagonjwa 11.422 waliopasuliwa. Wagonjwa wetu wa Afrika walikuwa vijana kuliko wale wa inchi zingine, na mbele ya operasio walikuwa na magonjwa kidogo kuliko wale. Hata hivyo, walikufa mara mbili kuliko kipimo cha dunia: watu 2,1 kwa kila 100. Na neno linalotuletea kuandika leo ni hili: kati ya wale waliokufa, zaidi ya 9 kwa kila 10 walikufa nyuma ya siku ya operasio. Hawakufia chini ya kisu. Walifia mu kitanda, mu siku zilizofuata, wakati familia ilikuwa imeisha kupumua.

Kwa hiyo leo hatutaongea sana juu ya kisu na ule anayeikamata. Tutaongea juu ya muuguzi, ule shiye bote tunaitaka anfirmie, na juu ya muntu wa familia mwenye kulala ku mukeka pembeni ya kitanda, garde-malade. Hao wawili njo wanabakiaka na mugonjwa usiku.

Teritwari ya Lubudi iko kubwa. Ndani yake tuko na cité ya Lubudi yenyewe, na kiwanda cha simenti na reli. Tuko na Bunkeya, mahali pa Msiri wa zamani. Tuko na Tenke na Fungurume, kwenye kampuni ya TFM inachimba shaba na kobalti. Kuko zone de santé ya Lubudi, ya Fungurume na ya Bunkeya. Waganga wa dunia walikubaliana mu 2015 kama kila muntu anapashwa kufika mu masaa 2 mahali kwenye wanaweza kufanya operasio tatu: kutosha mutoto kwa kupasua mama, kufungua tumbo, na kutengeneza mufupa uliovunjika na kutoka inje ya ngozi. Wewe musomaji wa kijiji cha mbali, hesabu wewe mwenyewe, na pikipiki, mu mwezi wa pili wakati mvua inanyesha. Wengi wetu masaa 2 yanaishia mu njia. Njo maana mugonjwa anafikaka amechoka, amepoteza damu ao tumbo limeisha kuvimba, na anfirmie anamupokea akiwa tayari nyuma ya wakati.

Wazee wetu wanakumbukaka hopitali za Union Minière na kisha za Gécamines: mufanyakazi alikuwa anaingia na bibi na watoto bila kuuliza bei, na chakula cha wagonjwa kilipikwa palepale. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka mu ile "départ volontaire", na pamoja na kazi, hopitali ya bure iliondoka mu nyumba nyingi. Hatuandike hii kwa kulilia zamani. Tunaandika kwa sababu ile desturi ya kumuachia hopitali mugonjwa na kwenda nyumbani, ilitoka wakati ule. Leo haiwezekani tena. Kazi moja kubwa imerudilia familia, na hakuna aliyewafundisha.

Mbele ya operasio: usifiche kitu

Anfirmie akikuja na karatasi yake na kuuliza maulizo mingi, watu wengine wanakasirika. "Mama, tuliisha kusema yote kwa munganga!" Lakini yeye anauliza tena kwa sababu mbele ya munganga watu wanafichaka.

Ulizo la kwanza ni chakula. "Baba, balikupatia nini ya kula tangu jana?" Na jibu linakuyaka: "Hakuna kitu, mama. Paka bukari muloko." Kumbe bukari njo hatari yenyewe. Mutu akilalishwa na dawa, koo linaachilia. Chakula kinapanda toka tumbo, kinaingia mu mapafu, na anaweza kufa palepale ku meza ao nyuma ya siku mbili tatu na ugonjwa wa mapafu. Sheria ya kawaida ni hii: chakula kigumu kinaachwa masaa 6 mbele, na kama kilikuwa na nyama ao mafuta mingi, masaa 8. Maziwa ya mama kwa mutoto, masaa 4. Maji safi, bila maziwa wala uji ndani, yanaweza kunywewa mpaka masaa 2 mbele, kama anfirmie amekubali. Bibi mwenye huruma anayempatia bwana wake kipande cha bukari usiku kwa siri, eti asiingie na njaa, anamutendea vibaya bila kujua. Na kama imeisha kufanyika, sema. Operasio isiyo ya haraka itangojea. Kama ni ya haraka, ule anayelalisha wagonjwa atachagua njia ingine.

Ulizo la pili ni dawa. Dawa ya tansio, dawa ya sukari, aspirine, na zaidi ya yote dawa ya miti. Hapa tuseme wazi: hakuna anfirmie mwenye akili atakayekufukuza juu ya ulikunywa miti. Lakini dawa zingine zinafanya damu ikatae kuganda, zingine zinashusha tansio. Akijua, atajitayarisha. Asipojua, atashangaa wakati damu inatoka bila kusimama. Lutuku ni vilevile. Muntu mwenye kunywa lutuku kila siku, akikatizwa gafula ku kitanda cha hopitali, nyuma ya siku mbili ao tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwa, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Familia inasema ni ulozi. Mara ingine ni chupa tu, iliyofichwa mu maulizo.

Ulizo la tatu linatuhusu sisi watu wa migodi kuliko wengine: kifua. Unakohoa tangu lini? Ulifanya kazi gani, miaka ngapi, mu shimo ao inje? Vumbi la mawe lenye silika linaharibu mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika na silika yanakamata tibi kwa urahisi. Muchimbaji anaweza kuonekana mwenye nguvu, anabeba gunia, lakini mapafu yake yanaenda nusu. Kwa ule anayelalisha wagonjwa, habari hii inabadilisha mambo: pengine atachagua sindano ya mugongo pahali pa kulalisha mwili muzima. Usiseme "niko tu na kikohozi ya baridi" kama iko miezi sita.

Halafu kuko mambo yanayoonekana kama ya kitoto, na hapana ya kitoto. Kuoga na sabuni siku ya operasio ao usiku mbele yake. Kutosha pete, heleni, meno ya bandia, na rangi ya makucha. Kile kifaa kidogo kinachokamata kidole kinasoma hewa mu damu kwa kupitisha mwangaza, na rangi ya makucha inaweza kukidanganya. Na nywele: usijinyoe na wembe nyumbani ile pahali watakapopasua. Wembe inaacha vidonda vidogo ambamo vijidudu vinaingia. Shirika la Afya la Dunia, OMS, liliandika hivyo mu masharti yake ya mwezi wa 11, 2016: nywele ziachwe, na kama zinazuia kazi, zikatwe na mashine, zisinyolewe. Lilisema vilevile kama mu inchi za uchumi mudogo watu 11 kwa 100 wanaopasuliwa wanapata ugonjwa mu kidonda, na mu Afrika mpaka mama 20 kwa 100 waliopasuliwa wakati wa kuzaa. Dawa ya kuzuia vijidudu inatolewa mu masaa 2 ya mwisho mbele ya kukata. Anfirmie akikuja na ile sindano, usimuambie arudi kesho juu ya feza haijafika. Ongea na ofisi ya feza, lakini sindano ipite.

Karatasi ya kukubali operasio: usiweke kidole bila kuelewa. Uko na haki ya kuuliza kwa Kiswahili watakata wapi, kwa nini, nini inaweza kuharibika, na itakuwa namna gani kama hawakukata. Na kama ni mukono ao muguu, angalia waweke alama ku ule wenyewe, wa kuume ao wa kushoto, wakati mugonjwa yuko macho.

Juu ya feza tutasema kidogo tu, hata kama ni jambo refu. Mu inchi yetu kila mutu anajua muntu aliyepona na akabaki mu hopitali majuma juu ya faktiri. Uliza bei mbele, kama hali inaruhusu, na uliza ni nini iko ndani: dawa, seromu, pansema, kitanda? Kama uko na kazi ya mukataba, Code du travail ya 2002 inalazimisha bwana-kazi kulipia matunzo yako na ya familia yako, operasio ndani yake. Na hapana kampuni kubwa peke yake, hata ule mudogo anayekukodisha kwa kampuni kubwa. Kama ni ajali ya kazi, iandikishwe ku CNSS. Wachimbaji wa mikono, ba-creuseur, hawana hata moja ya hizi. Kwao mara mingi ni wenzao wa shimo wanaochanga. Mama mwenye mimba aulize kama mupango wa serkali wa kuzaa bila kulipa, ulioanza Kinshasa mu mwezi wa 9, 2023, unafanya kazi ku hopitali yake.

Ndani, kwenye hatuoneke

Nyuma ya mulango kuko watu wengi kuliko familia inavyofikiri. Kuko anayepasua na musaidizi wake. Kuko anfirmie mwenye kumupatia vyombo, anajua kila kimoja kwa jina na anakitoa mbele ya kuombwa. Kuko mwingine anayezunguka, anafungua, anaandika, anakimbia kutafuta damu. Na ku kichwa cha mugonjwa kuko mwenye kumulalisha. Mu hopitali nyingi za Kongo huyu hapana daktari: ni anfirmie aliyesomea kazi ile. Masaa yote ya operasio, pumuzi ya mugonjwa iko mu mikono yake. Uchunguzi tuliotaja ulikuta kama mu zile inchi 25, ukichanga wapasuaji, waganga wa uzazi na waganga wa kulalisha, wako 0,7 tu kwa watu 100.000, wakati wanahitajika 20 kwa uchache. Kwa hiyo muuguzi anafanya kazi ya watu watatu, na mara nyingi na mushahara usioelezeka.

Mu 2008 OMS ilitoa karatasi moja, ukurasa mumoja, yenye maulizo 19. Inasomwa kwa sauti mara tatu: mbele ya kulalisha, mbele ya kukata ngozi, na mbele ya mugonjwa kutoka. Jina lake ni nani? Tunakata wapi? Kuko kitu mwili wake hautaki? Damu iko? Na ku mwisho: kompresi zimehesabiwa, zote ziko? Mu majaribio ya kwanza, hospitali 8 za dunia zilishiriki, moja yao ya Ifakara, Tanzania. Vifo vilishuka toka 1,5 mpaka 0,8 kwa 100, na magumu ya nyuma ya operasio toka 11 mpaka 7. Bila mashine mupya. Kwa watu wa mugodi hii haitawashangaza: mbele ya kulipua mawe kuko mwenye kuhesabu watu, na haendelee kama mumoja anakosekana. Kompresi iliyosahauliwa mu tumbo ni sawa na muntu aliyesahauliwa mu shimo. Kwetu, kazi hii ya kuhesabu iko ya anfirmie, na ni kazi ya kupewa heshima: anapashwa kuwa na haki ya kumuambia munganga mukubwa "ngojea, inakosekana moja", na munganga angojee.

Neno moja juu ya sindano ya mugongo, sababu tunaisikiaka sana ku wamama: eti inaharibu mugongo maisha yote. Sindano ile ni nyembamba sana. Inaweza kuleta kichwa kuuma mu siku za kwanza, zaidi wakati wa kusimama, na hiyo uiseme kwa anfirmie sababu iko na dawa. Mugongo unaouma nyuma ya kuzaa uko na sababu zingine nyingi: mimba yenyewe, kubeba mutoto, maji, kuni.

Na ketamine. Dawa hii inatumiwa sana mu hopitali zetu, kwa sababu nzuri: inalalisha na kutuliza maumivu, mugonjwa akiendelea kupumua mwenyewe, hata pahali umeme unakatika. Lakini wakati wa kuamka, wengine wanasema maneno ya ajabu, wanaona watu waliokufa, wanaita majina, wanalia ao wanacheka. Tunajua familia ambazo zilitaka kutosha mugonjwa wao ile saa kumupeleka kwa mwenye kuombea. Muache palepale. Sali yenye kimya, mwangaza kidogo, sauti moja anayoijua inamuambia "uko ku hopitali, operasio imeisha". Mu masaa machache inapita.

Usiku wa kwanza

Anfirmie anapashwa kupima mugonjwa mara kwa mara: mu saa ya kwanza kila dakika 15, kisha polepole anaongeza nafasi. Mapigo ya moyo, tansio, pumuzi, joto, kama anajibu, kama pansema inajaa damu, kama mukojo unatoka. Lakini usiku anfirmie anaweza kuwa mumoja kwa sali yote, na saa ileile mama wa kitanda cha mwisho anaanza kutokwa damu. Hapo garde-malade anakuwa macho yake ya pili. Hatumuombe afanye uanfirmie. Tunamuomba ajue mambo machache ya kuangalia.

La kwanza ni pumuzi, na njo inasahauliwa kuliko yote. Weka macho ku kifua cha mugonjwa akiwa ametulia. Kupanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika moja nzima na saa ya telefone. Mutu mukubwa anapumua kati ya mara 12 na 20. Ukikuta 25 ao zaidi, ita anfirmie, hata kama mugonjwa anasema yuko muzuri. Pumuzi inaanzaka kukimbia mbele ya mambo mengine kuonekana: damu inayotoka ndani, vijidudu mu damu, mapafu yanayojaa. Ukikuta chini ya 10, na mugonjwa analala bila kuamka vizuri, ita na kimbia.

Halafu: pansema iliyojaa damu na inaendelea kujaa. Mukojo usiotoka masaa 6. Tumbo linalovimba na kuwa gumu kama mbao. Homa. Muguu mumoja unaovimba na kuuma, ao kifua kinachoanza kuuma gafula na pumuzi kukatika. Mugonjwa aliyekuwa anaongea vizuri na sasa anachanganya siku na majina. Kwa mama aliyezaa: kitambaa kinacholowana chote mu saa moja ao chini yake. Hizi haziwezi kungojea ziara ya asubuhi.

Waganga wa Afrika walijaribu jambo hili kwa ukubwa. Mu uchunguzi wa pili, uliotolewa mu 2021, hospitali 332 za inchi 28, waliomba wagonjwa wa hatari wawekwe ku kitanda karibu na anfirmie, wapimwe mara nyingi zaidi, karatasi ya ulinzi iwekwe ku kitanda, na familia iruhusiwe kubaki pembeni. Matokeo: vifo havikupunguka. Wengine wangeficha matokeo ya namna hii. Wao waliandika wazi. Tunavyoona sisi, haina maana kama kulinda hakufae. Ina maana kama kumuambia anfirmie mumoja "linda zaidi", bila kumuongezea mwenzake, bila damu mu friji na bila oksijeni, ni kumubebesha gunia la pili juu ya lile la kwanza. Kuona hatari ni nusu. Nusu ingine ni kuwa na kitu cha kufanya ukiisha kuiona, na hiyo haitoke ku mukeka wa garde-malade. Inatoka ku wale wanaogawa feza za jimbo ambalo malori ya shaba yanapita usiku na muchana.

Maumivu sasa. Wanaume wa mugodi wako na kiburi: mwanaume halii. Analala kimya, meno yamefungwa, anapumua juu-juu kwa woga wa kuumia. Mapafu ya chini hayapati hewa, makohozi yanabaki, na siku ya tatu homa inapanda. Dawa ya maumivu haiko ya kumfurahisha. Iko ya kumuwezesha kupumua, kukohoa na kusimama. Mufundishe: shika muto ku kidonda na mikono miwili, vuta hewa ndefu, kohoa. Mara kumi kila saa akiwa macho. Na kutembea: mama aliyepasuliwa wakati wa kuzaa asimame mu siku ya kwanza, akishikwa, vilevile wengi wengine, kama anfirmie amekubali. Kulala bila kutikisika kunagandisha damu mu miguu.

Na lile ulizo linalochekesha vijana mu sali: "Uliisha kutosha upepo?" Usione haya. Nyuma ya kufungua tumbo, upepo unaotoka ni habari njema: matumbo yameamka. Kwa operasio zingine chakula kinarudi haraka. Kwa operasio ya matumbo yenyewe, kuko kungojea. Kwa hiyo ile sufuria ya bukari na samaki iliyofika toka nyumbani ionyeshwe kwanza kwa anfirmie. Kisha mugonjwa ale vizuri, mayai, samaki, maharagwe, lengalenga. Kidonda kinafungwa na chakula.

Mifupa na hernia

Ajali za shimo tunazijua. Mwezi wa 6, 2019, ukuta wa mugodi wa KOV karibu na Kolwezi ulianguka na kuua watu zaidi ya 40. Mwezi wa 11, 2025, ku Kalando, watu zaidi ya 30. Wale wanaokufa wanahesabiwa mu redio. Wale wanaopona na muguu uliovunjika hawahesabiwe, na njo wanaojaza vitanda.

Mufupa ukitoka inje, usiusukume ndani, usiweke majivu wala mafuta. Funika na kitambaa safi, funga muguu ku mbao ao ku muguu mwingine, na muende. Dawa ya vijidudu inapashwa kuingia mu masaa ya kwanza, na sindano ya pepopunda vilevile. Wakiisha kuweka plasta, garde-malade aangalie vidole kila saa mu siku mbili za kwanza. Viko na joto? Vinatikisika? Mugonjwa anavisikia ukivigusa? Kama vinakuwa baridi, vyeupe ao vyeusi, kama vinakufa ganzi, ao maumivu yanapanda hata na dawa, na yanazidi ukivutavuta kidole kimoja: plasta inakaza, nyama inakosa damu ndani. Ita palepale, saa 8 ya usiku hata. Plasta inapasuliwa. Ukingojea asubuhi, pengine watakata muguu.

Hernia ni ugonjwa wa wabeba gunia. Wengi wanaishi nayo miaka, wanaisukuma na kidole, wanaendelea. Siku moja inakataa kurudi, inauma, mutu anatapika: utumbo umenyongwa, na hapo ni masaa yanayohesabiwa, hapana siku. Kupasuliwa mbele ya siku ile ni operasio ndogo. Lakini nyuma yake kuko juma 4 mpaka 6 bila kubeba kitu kizito, na hapa njo familia nyingi zinashindwa. Mukataba unamupatia mufanyakazi karatasi ya kupumzika. Creuseur hana wa kumupatia; akikaa, watoto hawali. Wenzake wa shimo wakubaliane mbele ya operasio: kuko kazi za kukaa, kuandika magunia, kulinda, kuosha. Hiyo inafaa kuliko mchango wa siku moja na kisha gunia ku mabega juma la pili.

Siku ya kutoka

Watu wanakimbiaka kutoka. Ngojea karatasi. Iandikwe walifanya nini, walitosha nini, dawa gani na mpaka lini, siku ya kurudi kubadilisha pansema, siku ya kutosha uzi, ambayo kwa wengi iko kati ya siku 7 na 14 kwa kuangalia pahali pa kidonda. Anfirmie asome karatasi kwa Kiswahili na wewe umurudilie maneno yake. Kama hukuelewa, uliza tena, sababu nyumbani hakuna wa kuuliza.

Ku nyumba: mikono inaoshwa na sabuni mbele ya kugusa pansema. Kidonda hakipate majivu, dawa ya meno, unga wa pili wala majani. Kikiwa chekundu, chenye joto, kinachonuka ao kutosha usaha, ao kikifunguka, unarudi bila kungojea siku iliyoandikwa. Wale wa mbali na cité waulize mbele ya kupanda pikipiki ni kituo gani cha karibu kinaweza kubadilisha pansema, na waandikishe namba ya simu ya sali mu telefone mbili, ya mugonjwa na ya ule aliyelala ku mukeka.